Mwiko Uliotungwa Muleba

Muleba
Jumatatu, 8 Juni 2026

Mwanangu Justa,

Basi lako halijafika hata Biharamulo na mimi nimeshakaa mezani kukuandikia. Hapa ofisini wameniona nimeinama juu ya karatasi, wanadhani nashughulikia kahawa ya wakulima. Waache wadhani hivyo.

Pale stendi sikuweza kusema yote kwa sababu yule mama mwenye kuku alikuwa ametega sikio. Sasa nisikilize. Hapo kambini hakuna anayejua kuwa una selimundu, huu ugonjwa wako wa damu, na ndivyo itakavyokaa. Nilipompigia mwalimu wenu kukuandikisha aliniuliza afya yako, nikamjibu kwamba wewe ni mzima wa afya, hujawahi hata kukohoa. Najua umeguna hapo. Lakini unakumbuka ziara ya Rubondo: wenzako walipanda boti, wewe ukabaki nyumbani kwa sababu shule haikutaka lawama. Unakumbuka na ile klabu ya sayansi waliyokukatalia kwa upole mpaka nikawashukuru, halafu nikalia njiani. Mtoto anayefungua redio yangu kwa kisu cha jikoni na kuirudisha ikiwa inaimba vizuri zaidi, nimkalishe ndani mpaka lini? Safari hii sikuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo maji unywe hata usiposikia kiu. Sweta asubuhi, maana Juni upepo wa ziwa ni mbaya. Vidonge vyako ukiulizwa sema ni vya kuongeza damu, na wala si uongo. Ukichoka, inama ufunge kamba za viatu taratibu. Ziwani usiingie, hata vidole vya miguu. Lakini maumivu yakianza, yale yenyewe tunayoyajua mimi na wewe, siri inaishia hapohapo. Mwambie mwalimu anipigie, nami nitapanda chochote chenye magurudumu.

Jambo jingine: kutoka hapo Kigongo mpaka Kisesa kwa baba yako si mbali. Sisemi zaidi.

Simu wamewakataza, wanataka mjifunze kueleza mambo kwa barua. Haya, nieleze. Mpishi wenu atawapa makonda wa mabasi ya Bukoba, nami nitakuwa nazipokea hapa stendi.

Mama yako asiyetulia,
Kokulinda


Kigongo
Alhamisi, 11 Juni 2026

Mama, shikamoo.

Sweta nimevaa. Maji nakunywa mpaka wenzangu wananiita Tangi. Sasa nikueleze ya maana.

Kambi yetu iko jirani na kivuko cha zamani. Mwalimu Dorcas anasema magari yalikuwa yanapanga foleni hapa kungoja pantoni, sasa yote yanapita juu darajani na huku chini wamebaki akina mama wachache wa samaki. Jumanne tulijenga madaraja yetu kwa mabua ya mtama na gundi ya unga, halafu tukayaning'inizia mawe mpaka yavunjike. La kundi letu lilivunjika la kwanza. Nilikasirika, nikataka kwenda kulala. Mwalimu akasema kundi lililovunjikiwa mapema ndilo lenye muda mwingi wa kujua kwa nini, akatutuma tukakae ufukweni tutazame lile daraja kubwa limeshikiliwa na nini. Tukaona zile nyaya nene zinazoshuka kutoka kwenye nguzo. Tukarudi tukafunga kamba za katani. Mama, lilibeba mawe yote, Mwalimu akaongeza na kiatu chake!

Leo tumewasha taa ndogo kwa malimau, misumari na vipande vya waya wa shaba. Ukilinunua limau sokoni huwezi kujua lina umeme.

Sasa ubaya. Alhamisi ijayo ni siku ya vyelezo. Kila kundi linatengeneza chelezo cha chupa tupu za plastiki na kukipanda ziwani, maji yanafika kiunoni tu. Chelezo chetu nimekichora mimi, na sheria ya kambi ni kwamba aliyechora ndiye nahodha. Nikikataa wataniuliza kwa nini. Nikikubali nitakuwa nimekudanganya wewe. Niambie niseme nini, maana uongo wako wewe ni mzuri kuliko wangu.

Nahodha asiye na meli,
Justa


Muleba
Jumamosi, 13 Juni 2026

Mwalimu Dorcas,

Habari za kazi, na pole na watoto wa watu. Justa ananiandikia anafurahi, nakushukuru.

Kuna jambo dogo la kwetu nilisahau kukuambia kwenye simu. Katika ukoo wetu mtoto wa kike wa kwanza haingii ziwani mpaka awe mtu mzima na shangazi zake wamfanyie taratibu. Ni mwiko wa zamani, tangu enzi za babu wa babu. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani na wa ofisini, sina imani kubwa na mambo haya, lakini wazee wapo, na mwiko ukivunjwa wanaonijia ni mimi.

Naomba basi Justa achore, afunge chupa, apime, awapigie wenzake makofi, lakini majini asiingie. Na tafadhali usimuulize sana, haya si mambo ya kujadili na mtoto.

Wako katika malezi,
Kokulinda, Mama Justa


Kigongo
Jumatatu, 15 Juni 2026

Mama Justa,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. Barua yako nimeisoma kwa heshima, nami nikujibu kwa uwazi, maana naona wewe ni msomi.

Mimi nimezaliwa Misungwi, miiko naijua. Kwetu mtoto wa kike alikatazwa mayai. Nilipofika chuo cha ualimu niliyala mpaka nikaumwa tumbo, na hapo ndipo nikajua kuwa yai lina ubaya mmoja tu, wa kuzidisha. Kambi hii niliianzisha kwa ajili hiyo: mtoto ajaribu kwa mikono yake, aone kwa macho yake, ndipo aamini au akatae.

Nilimuuliza Justa kidogo tu. Akasema, "Mwiko gani?" Kisha akanitazama, akasema, "Aa, huo." Kwa hiyo hofu hii ni ya wazee, mtoto haijui. Lakini kila jioni anakwenda kusimama pale maji yanapoishia, anayatazama kama mtu aliyesimama nje ya sherehe. Imeniuma kumwona hivyo.

Sitamlazimisha. Alhamisi nitamwachia achague mwenyewe. Nitakuwa majini pamoja nao, na mvuvi mmoja mzoefu atakuwepo na mtumbwi wake.

Leo tulicheza mchezo wa maharage, wa jinsi watoto wanavyorithi vitu kwa wazazi. Justa aliuliza maswali mpaka nikakosa pa kujificha. Umelea kichwa, mama.

Dorcas


Kigongo
Jumanne, 16 Juni 2026

Baba, shikamoo.

Mimi ni Justa wako. Nina miaka kumi na miwili, nipo darasa la sita. Niko kambi ya sayansi hapa Kigongo, na dereva wa kambi ameniambia anapita Kisesa kesho, anaijua gereji yako ya pikipiki. Mama hajui kuwa nakuandikia.

Jana Mwalimu alitufundisha kuhusu selimundu bila kujua kuwa ninayo. Aliweka makopo mawili, moja akaliita baba na jingine mama. Kila kopo lina maharage mekundu na meupe sawasawa. Unafumba macho, unatoa moja huku na moja huku, huyo ndiye mtoto. Meupe mawili, mtoto ni mzima. Jeupe na jekundu, ni mzima pia, ila amebeba na mwenyewe hajijui. Mekundu mawili ndiye anayeumwa, kama mimi.

Nikamuuliza, je, kopo la mama likiwa na mekundu na la baba yote yawe meupe? Akasema usiniulize, jaribu. Nikayaondoa mekundu ya baba, nikajaribu mpaka wenzangu wakaenda kula. Hakutoka mtoto wa mekundu mawili hata mmoja. Nikarudisha mekundu ya baba, akatoka.

Baba, siku Bibi aliposema damu mbovu imeletwa kutoka Kagera na ng'ombe wa mahari warudi, mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa chumba cha ndani. Mama akaanza kufunga mizigo. Hata mimi nilidhani ni yeye.

Jumamosi ya tarehe 27 ni siku ya kufunga, wazazi wanakuja kuona. Njoo ujaribu mwenyewe. Sikulaumu, wewe pia ulikuwa hujijui.

Mwanao,
Justa Shimba


Muleba
Jumatano, 17 Juni 2026

Mwalimu,

Barua yako imenifikia sasa hivi. Nimekupigia, hupatikani. Nimepiga ofisini kwenu, mpishi anasema mko ufukweni mnapima kina na simu umeiacha kwenye droo, na haya si maneno ya kumwachia mpishi. Barua hii nampa konda wa basi la kwanza kesho alfajiri, nimemwambia aikabidhi mkononi mwako hata kama uko majini.

Usimwachie achague. Ni mtoto, atachagua ziwa. Mimi pia ningechagua ziwa.

Kama hutaki kuheshimu mwiko, niheshimu mimi. Sababu ninayo, na nitakueleza uso kwa uso. Kwa sasa nakuomba, na ninapoomba huwa siombi mara mbili: mtoto wangu asilowe.

Kokulinda


Muleba
Jumanne, 23 Juni 2026

Mwalimu Dorcas,

Nimerudi salama jana, kama kurudi bila mtoto kunaitwa salama. Naandika kwa sababu pale hospitalini Mwanza tulisemeshana vibaya mbele ya manesi, na mimi ugomvi nisioumaliza huwa nalala nao.

Uliniuliza kwa nini nilikudanganya. Nakujibu bila haya: ningesema ukweli usingempokea. Usiape kwamba ungempokea. Wote wanaapa hivyo baadaye. Ndiyo, nilitunga mwiko, nikautungia na mababu na shangazi. Nilifikiri Mswahili yeyote akisikia mwiko ataogopa. Sikujua nimemwangukia mtu mmoja katika kanda yote hii ambaye akisikia mwiko anapandisha suruali na kuingia majini.

Unasema alicheka sana juu ya chelezo, alipiga kelele za amri, na alipotoka akitetemeka mlidhani ni baridi ya kawaida, mkamfunika kanga. Kisha akaanza kushika miguu na kulia, na konda wangu akafika na barua yangu wakati mnampakia kwenye gari. Naliona hilo kila nikifumba macho. Wewe ulimwingiza majini na mimi nilikunyima sababu ya kumzuia. Daktari alisema tumewahi. Tukigawana lawama hii, kila mmoja atapata ya kumtosha, kwa hiyo tuiache.

Sasa la msingi. Nilikuja kumchukua, ulikwisha kuniona nimeshika begi lake. Akaniambia akiwa na dripu mkononi, "Mama, ukinichukua leo, mwakani utanipeleka wapi?" Nikaliweka begi chini. Daktari akasema akipumzika siku mbili tatu anaweza kurudi kambini, asilowe, asipate baridi, asikimbie. Nimemwacha. Jirani zangu wananiona mama wa ajabu, na leo tangu asubuhi nimeandika jina la mkulima mmoja mara mbili na kumruka mwingine.

Mlinde. Sasa unajua unalinda nini.

Kokulinda


Kigongo
Jumatano, 24 Juni 2026

Mama Justa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umenichekesha hapo kwenye suruali, kisha nikaona aibu.

Nilifurahia mno kuushinda mwiko wako. Ndilo kosa langu. Nawafundisha watoto waulize kwa nini mara nyingi wawezavyo, na mimi sikuuliza hata mara moja kwa nini mama wa ofisini, msomi, ananiandikia habari za shangazi na taratibu. Nilikwisha kukuweka kwenye kopo la washirikina nikafunga kifuniko. Na umesema kweli, pengine nisingempokea. Mwakani nitampokea, yeye na mwingine yeyote mwenye ugonjwa kama wake, na wazazi nitawauliza kwa namna ambayo hawataogopa kunijibu.

Justa amerudi kutoka hospitali jana. Anatembea polepole lakini mdomo ni mzima. Sasa kengele ya maji inalia kwa kambi nzima, kila mtoto anakunywa, ili asiwe Tangi peke yake. Wenzake amewaambia mwenyewe. Mmoja akauliza kama inaambukiza. Justa akamvuta mpaka kwenye makopo ya maharage, akamkalisha. Jumamosi meza hiyo ni yake.

Kuna la mwisho, nami ni bora ulipate kwangu. Justa alimwandikia baba yake wiki iliyopita, kupitia dereva wetu. Amemwalika, na ameniambia amemkumbusha maneno ya Bibi yake juu yako, aliyoyasikia siku mlipodhani amelala. Nimelijua leo, dereva aliporudi na jibu. Tafadhali usimkaripie kwa barua, maneno makali yakiandikwa hayapoi haraka.

Dorcas


Kisesa
Jumatano, 24 Juni 2026

Mwanangu Justa,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwenye benchi la gereji, nikaitia mfukoni, nikaitoa tena. Mteja akaniuliza kama nimefiwa. Mwandiko wako ni mzuri.

Dereva leo ananiambia uliumwa, ulikuwa hospitali hapa Mwanza, na mimi niko hapa nabadilisha minyororo ya pikipiki sina habari. Pole, mama. Nimefurahi kusikia umepata nafuu.

Hayo ya maharage sijui niseme nini. Maharage ni maharage na mtu ni mtu. Mama yako aliwahi kuniita kwa daktari, sikwenda. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa na maneno ya wazee pia. Hayo ni ya wakubwa.

Wiki hii sina raha. Una mdogo wako, Nkwabi, mtoto wa mke wangu Suzana, hata kutembea bado. Anashinda analia. Viganja na nyayo zimevimba, ukimshika anapiga kelele. Bibi yako anasema Suzana arudi kwao Magu akaulize wamemtendea nini mtoto, na kuna mganga ameshatajwa. Suzana ananitazama tu. Nikiingia ndani natoka, nikitoka narudi.

Jumamosi sijui kama nitaweza. Usiningoje getini, utachoka miguu.

Baba yako,
Shimba Luhaga


Muleba
Alhamisi, 25 Juni 2026

Justa,

Umemwandikia. Haya.

Sikukaripii, Mwalimu wako ameshakuombea. Nilizunguka nyumba, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umefagiliwa, nikakaa. Miaka yote hii nilikuwa naogopa uniulize kama ni mimi niliyekupa ugonjwa huu, na kumbe ulikuwa unajua walichosema na hukuuliza. Umenibebea kitu kizito ukiwa mdogo. Hilo ndilo lililoniliza, si kingine.

Asipokuja usilie mbele za watu. Meza ni yako, maharage ni yako, wageni watakuwepo. Mimi ruhusa sikupata, nimeshaitumia yote hospitalini. Akija, msalimie vizuri, mpe kiti.

Vaa sweta hata ukionekana mshamba.

Mama


Kigongo
Jumamosi, 27 Juni 2026

Mama, shikamoo.

Nakuandikia jioni hii hii kwa sababu nitabaki kwa Mwalimu mpaka Jumanne, Jumatatu daktari anataka kuniona. Nisipoandika sasa sitalala.

Asubuhi wazazi walikuja wengi. Walikuwepo na wa Usagara, wakayaning'inizia mawe madaraja yetu ya mabua, wakavunja moja, wakacheka. Meza yangu ilijaa. Nilisema na watu mpaka sauti ikapotea. Baba hakuwepo. Wakala wali, hakuwepo. Nikaanza kuyarudisha maharage kwenye makopo, sikulia.

Ndipo pikipiki ikaingia. Baba, na Suzana nyuma yake amembeba mtoto. Mama, baba amekonda. Nilimpa kiti kama ulivyosema, akakataa, akasimama mbele ya meza, akasema, "Nionyeshe." Nikamwambia afumbe macho. Akatoa meupe mawili. Akanitazama kana kwamba ameshinda. Nikamwambia endelea, huyo ni mtoto mmoja. Akatoa jeupe na jekundu, akatoa tena hivyo hivyo, akatoa meupe. Akasema, "Unaona?" Nikasema endelea, baba. Kisha akafumbua macho na mekundu mawili yalikuwa mkononi.

Mwalimu alikuja akasimama karibu nami. Baba akaanza kuyazungusha yale maharage kwa kidole, akataja majina mawili, Masanja na Nyanzobe. Mwalimu akamuuliza ni akina nani. Akasema ni wadogo zake waliokufa wakiwa wadogo, walikuwa wanalia miguu, na Bibi aliambiwa wamerogwa na jirani, jirani yule akahama. Akasema, "Walikuwa wanalia hivi hivi." Suzana akakaa chini kwenye nyasi, akawa wa kwanza kulia. Nami nilikaa naye.

Nilimshika Nkwabi. Ni mzito na ana macho ya baba. Viganja vyake vimevimba kama vyangu kwenye ile picha ya ubatizo ambayo huwa hupendi kuitazama. Nilimwambia Mwalimu, akamwambia baba ampeleke mtoto hospitali. Baba akasema atafikiri, Bibi anangoja nyumbani, anataka Suzana arudi kwao akaulize wamemtendea nini mtoto, na mganga anakuja Jumanne. Wakaondoka.

Mama, atafikiri mpaka lini? Mimi ni mtoto, Mwalimu ni mgeni kwake. Wewe ndiye unayejua. Najua hutaki kumwandikia. Naomba umwandikie.

Justa


Muleba
Jumapili, 28 Juni 2026

Shimba,

Konda amenigongea mlango na barua ya Justa nikijiandaa kwenda kanisani. Sikwenda. Sijakuandikia tangu ng'ombe wenu waliporudi Kisesa, na hata leo siandiki kwa ajili yako. Mwalimu Dorcas atakupa karatasi hii mkononi, na nimemwomba asiondoke mpaka uimalize.

Mpeleke Nkwabi hospitali kesho asubuhi. Sema kwa mdomo wako mwenyewe, "Tunaomba apimwe selimundu, dada yake anayo." Wakikuambia rudi siku nyingine, kaa kwenye benchi. Mganga akija Jumanne akute nyumba imefungwa. Mtoto asichanjwe chale, asipakwe kitu, asikandwe kwa maji ya baridi. Anyonye kila anapotaka, afunikwe vizuri, na akipata homa usingoje kukuche. Inawezekana si selimundu. Mimi siwezi kupima mtu kwa barua. Lakini kama ndiyo, usianze kumchimbia kaburi kichwani. Mwanao mkubwa ana miaka kumi na miwili na jana amekusimamisha mbele ya meza akakufundisha.

Nasikia mama yako amemwambia Suzana akaulize kwao. Nilipoambiwa hivyo mimi, nilikutazama wewe, nikingoja useme neno moja tu. Ulikuwa unafuta vumbi kwenye taa ya pikipiki kwa kitambaa. Uliifuta mpaka nikamaliza kufunga mizigo. Nilikuchukia kwa kitambaa kile kuliko kwa maneno ya mama yako, na bado nakuchukia kidogo, nikwambie kweli. Safari hii weka kitambaa chini. Ingia ndani, simama karibu na mkeo, umwambie mama yako habari za Masanja na Nyanzobe. Atalia. Mwache alie, naye aliwazika bila kuambiwa ukweli.

Hunidai majibu wala sikudai. Hakuna haja ya kuniomba radhi, sina mahali pa kuiweka kwa sasa.

Namba yangu ya simu ni ileile. Usinipigie wewe. Mpe Suzana, anipigie saa yoyote mtoto akilia.

Kokulinda